Uwanja wa Kericho wasubiri timu ya kuuita nyumbani

Msimu mpya wa kandanda unapokaribia, mashabiki wa Kisii huulizana Shabana imesajili nani, nao wa Kakamega huulizana Homeboyz imemwachilia nani. Kericho mjadala huanzia nyuma ya hapo. Huku watu huulizana ni lini kaunti yao itakuwa tena na timu katika Ligi Kuu ya Kenya.

Swali hilo lingeeleweka iwapo mji huo haungekuwa na uwanja. Lakini uwanja upo, tena taifa zima liliutazama kupitia runinga mnamo Oktoba 20, 2023, sherehe za Mashujaa Dei zilipoandaliwa katika uwanja unaojulikana na wengi kwa jina la Kericho Green. Rais alihutubia, vikosi vya ulinzi vikapita kwa gwaride, wageni waheshimiwa wakaketi majukwaani. Ukarabati wa haraka ulikuwa umefanywa kwa ajili ya siku hiyo moja.

Kilichokosekana ni timu ya kuurithi uwanja huo baada ya wageni kuondoka. Na hapo ndipo matarajio ya msimu wowote ujao katika ukanda huu wa majani chai yanapopaswa kupimwa. Si kwa hesabu ya viti, bali kwa kuuliza ni nani atakayecheza pale kila baada ya wiki mbili, kwa fedha za nani, na kwa muda gani.

Kericho iliwahi kuwa na jibu. Mwaka 2017, Ligi Kuu ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, klabu ya Zoo Kericho ilikuwa miongoni mwa zilizopanda. Haikuwa timu tajiri. Wachezaji wake wengi walikuwa vijana ambao majina yao hayakuwa yakifahamika nje ya kaunti, na aghalabu kila msimu iliwauza au kuwapoteza waliong'ara. Hata hivyo, wakazi wa Kericho walizitazama Gor Mahia na AFC Leopards katika mji wao wenyewe, pasi na kusafiri hadi Nairobi wala Kisumu. Wenye hoteli, wahudumu wa bodaboda na wachuuzi wa mahindi ya kuchoma waliifahamu ratiba ya ligi sawia na kocha.

Ndoto hiyo ilikatizwa mwaka 2021. Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, liliiadhibu Zoo kwa hatia ya kupanga matokeo ya mechi na kuamuru ishushwe daraja. Tangu wakati huo hadi msimu wa 2025/26, Kericho haijakuwa na mwakilishi katika kipute hicho.

Wapo wanaosema kuwa adhabu hiyo ilikuwa kali mno kwa mji mzima. Sikubaliani nao kuhusu adhabu yenyewe, kwa maana upangaji wa matokeo ni wizi anaoibiwa shabiki aliyelipa kiingilio. Lakini wana hoja katika jambo moja. Klabu ilipoanguka, mashabiki hawakuwa na njia yoyote ya kuinusuru wala hata ya kuhoji yaliyotendeka, kwa sababu klabu haikuwa yao. Walikuwa watazamaji tu. Uwanja ulikuwa wa kaunti, timu ilikuwa ya wenyewe, nao umma ulikuwa na haki ya kupiga makofi pekee.

Tulinganishe na jirani. Uwanja wa Gusii mjini Kisii nao ulikarabatiwa kwa sababu ya Mashujaa Dei, ile ya mwaka 2020. Shabana wakati huo ilikuwa ikihangaika katika madaraja ya chini baada ya kushushwa kutoka Ligi Kuu mwaka 2006. Iliporejea mwaka 2023, baada ya miaka 17, ilikuta uwanja uko tayari, na uwanja ukakuta timu ambayo wakazi walikuwa wameililia muda wote huo. Umati unaofurika Gusii siku za mechi umeifanya Shabana kuwa miongoni mwa klabu zenye wafuasi wengi zaidi nchini, ingawa haina kabati lililojaa vikombe.

Kisii na Kericho zilipata zawadi ile ile kutoka kwa serikali, tena kwa tofauti ya miaka mitatu pekee. Moja ilikuwa na timu ya watu ikisubiri uwanja. Nyingine ilipata uwanja miaka miwili baada ya kupoteza timu yake.

Mtindo wa kuzungusha sherehe za kitaifa nje ya Nairobi ulioanza mwaka 2016 umewapa watu wa mashinani viwanja ambavyo pengine wasingevipata kwa miongo mingi. Afraha mjini Nakuru, Kinoru mjini Meru, Bukhungu mjini Kakamega, uwanja wa Moi mjini Embu, ule wa Masinde Muliro kule Kanduyi. Vyote vilipata kutengenezwa kwa kisingizio cha siku moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba mkandarasi anayefukuzana na tarehe ya ujio wa Rais hutanguliza kile kitakachoonekana na kamera, yaani jukwaa kuu, rangi, lango na barabara ya kuingilia. Mitaro iliyo chini ya nyasi haionekani katika runinga.

Na Kericho, mitaro hiyo ndiyo uwanja. Mji huu umejengwa katika nyanda zilizo takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na eneo la majani chai hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua ya mawe ni jambo la kawaida kiasi kwamba katika karne iliyopita ndege zilikuwa zikirushwa kuyatawanya mawingu ili kuyanusuru majani chai. Tangu msimu wa 2018/19, kalenda ya ligi ilipobadilishwa ili ifanane na ile ya Ulaya, mechi za kuamua bingwa na wa kushushwa daraja huangukia Aprili na Mei, miezi ambayo masika huwa yamepamba moto. Timu yoyote itakayoufanya Kericho Green kuwa nyumbani kwake itacheza mechi zake nzito zaidi uwanja ukiwa mzito zaidi.

Hilo laweza kuwa silaha au kitanzi. Timu iliyozoea matope na hewa nyepesi ya nyanda za juu ina faida dhidi ya wageni kutoka Mombasa. Lakini nyasi zikichakaa kufikia Machi, wakaguzi watauzuia uwanja, na timu itajikuta ikipokea wageni wake mamia ya kilomita mbali na mashabiki. Jambo hilo si geni nchini. Mwaka 2024 timu ya taifa, Harambee Stars, ililazimika kuwa mwenyeji wa Burundi na Cote d'Ivoire mjini Lilongwe, Malawi, na baadaye kuwa mwenyeji wa Zimbabwe mjini Kampala, kwa kukosa uwanja uliokubalika nyumbani. Iwapo taifa zima liliweza kukosa makao, sembuse klabu ya kaunti.

Basi ni nani anayeweza kuijaza nafasi iliyoachwa na Zoo? Wengi hutazama upande wa Bomet, ambako APS Bomet, timu ya polisi wa utawala, ilipanda kuingia Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Ni hatua ya kupongezwa. Timu ya idara ya serikali huwa na mishahara, basi la kusafiria na daktari, mambo ambayo Zoo ilikuwa ikiyaomba kwa wahisani.

Hata hivyo, historia inatufunza kuwa waangalifu. Wakazi wa Nakuru waliizoea Ulinzi Stars kwa miaka mingi pale Afraha, wakaishangilia ikitwaa mataji, kisha wanajeshi wakajenga uwanja wao Lang'ata, jijini Nairobi, na timu ikaenda zake. Hakuna aliyewauliza wakazi wa Nakuru. Timu ya idara hufuata idara.

Timu za viwanda nazo hufuata kiwanda. Ukishuka kutoka Kericho kuelekea Muhoroni unaingia katika ukanda wa miwa uliokuwa ngome ya kandanda. SoNy Sugar ya Awendo ilifukuzwa kutoka Ligi Kuu mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Chemelil Sugar ilishushwa daraja msimu huo huo wa 2019/20. Katika visa vyote viwili, wachezaji hawakusahau kucheza. Kiwanda kiliishiwa na fedha, na katika mwaka huo huo mdhamini wa ligi, kampuni ya kamari ya SportPesa, alikuwa amejiondoa.

Nimeutaja ukanda wa miwa kwa sababu wapo viongozi wanaopendekeza kuwa kampuni kubwa za majani chai zibebe mzigo wa timu ya Kericho. Kwa mtazamo wa kwanza pendekezo hilo lina mantiki. Kampuni hizo zimekuwa hapa tangu miaka ya 1920. Vijiji vya wafanyakazi katika mashamba vilikuwa na viwanja vyao vya mpira, na mechi baina ya mashamba zilikuwa burudani kuu ya wikendi. Mzee Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki, aliyetwaa shaba katika mbio za mita 800 kule Tokyo mwaka 1964 na fedha kule Mexico mwaka 1968, alikuwa mwana wa nchi hii. Michezo si jambo la kuletwa hapa na mgeni.

Lakini kampuni hizo si zile tulizozijua. James Finlay iliafiki kuyauza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 Lipton, iliyorithi mashamba ya Unilever, ikatangaza kuwa nayo inamuuzia Browns. Kabla ya hapo, mnamo Mei 2023, vijana waliojaa hasira waliziteketeza mashine za kuchuma chai zilizokuwa zikichukua kazi za wachumaji. Kijiji cha wafanyakazi kisicho na wafanyakazi hakiwezi kuunda timu. Sioni ni vipi mwekezaji mpya anayepunguza gharama atakubali kuongeza gharama ya wachezaji 25, makocha na safari za kwenda Mombasa.

Yupo mdau mwingine ambaye hutajwa kwa nadra, nami naamini ndiye mwenye nafasi bora. Ni chuo kikuu.

Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati kamili mwaka 2013, kipo katikati ya vilima vya majani chai kusini magharibi mwa mji wa Kericho. Mahali hapo pamekuwa pa elimu tangu shule ya serikali ilipoanzishwa mwaka 1925. Chuo hakiwezi kuuzwa kwa mwekezaji wa ng'ambo. Hakiwezi kuhamishiwa Lang'ata. Kina maelfu ya vijana walio katika umri wa kucheza na wa kushangilia, kina malazi, kina zahanati, na kila mwaka hupokea damu mpya bila kulipa ada ya usajili.

Hili si wazo la ndotoni. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kimewahi kuifikisha timu yake, MMUST, katika Ligi ya Supa, ambayo ni hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Nchini Uganda, ligi ya kandanda ya vyuo vikuu iliyoanzishwa mwaka 2012 huchezwa nyumbani na ugenini, kila chuo katika uwanja wake, na mechi zake huvutia umati ambao baadhi ya klabu za ligi kuu ya nchi hiyo huuonea wivu. Siri ya mafanikio hayo ni mfumo wa nyumbani na ugenini. Hapa kwetu michezo ya vyuo kwa muda mrefu imetegemea mashindano ya siku chache yanayokusanya timu zote mahali pamoja. Timu hushinda au hushindwa mbali, na mwanafunzi aliyebaki bwenini husoma matokeo kwenye simu. Hakuna anayeupenda uwanja ambao hajawahi kuuketia.

Marekani, ambako wanaucheza mpira wao wa aina nyingine, chuo kikuu cha Michigan kina uwanja uliofunguliwa mwaka 1927 unaoketisha watu zaidi ya 107,000, katika mji wa Ann Arbor wenye wakazi takribani 120,000. Sisemi Kabianga ijenge jumba kama hilo. Nasema tu kwamba mji mdogo umeweza kuifanya timu ya wanafunzi kuwa timu yake kwa karibu karne moja, ijapokuwa wachezaji wote hubadilika kila baada ya miaka minne.

Kubadilika huko ndiko pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya timu za vyuo. La pili ni zito zaidi. Vyuo vyetu vya umma vimelemewa na madeni, na mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 17, 2025 ulidumu siku 49 kabla ya kumalizika mwanzoni mwa Novemba. Hicho ni kipindi ambacho ligi nchini huwa zinaanza. Timu ambayo wachezaji wake wameenda nyumbani kwa sababu mabweni yamefungwa haiwezi kutimiza ratiba, na tumeona yaliyoipata SoNy kwa kukosa mechi tatu pekee.

Kwa hivyo timu ya chuo peke yake haitoshi. Inahitaji kuunganishwa na vijana wa vijiji vinavyoizunguka, ambao hawaendi popote mgomo unapotangazwa. Na hapa ndipo penye mji mdogo wa Kiptere, katika barabara itokayo Kapsoit kuelekea Sondu.

Kiptere ipo mahali ambapo majani chai huanza kupungua na mahindi na miwa kuchukua nafasi kadiri ardhi inavyoteremka. Kijana wa hapa anayetaka kuitazama mechi ya ligi ana safari ya kupanda hadi Kericho au kushuka hadi Kisumu, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kiingilio ni fedha ambazo kibarua wa shambani huzifikiria mara mbili. Akitaka kucheza, atacheza katika uwanja wa shule wenye mteremko, kwa viatu vya kuazima. Maskauti wa klabu kubwa hawapiti barabara hiyo.

Kipato cha familia nyingi za wakulima wadogo katika Kericho na Bomet hutegemea bonasi ya majani chai inayolipwa karibu na Oktoba. Bonasi ya mwaka 2025 ilizua malalamiko makali, kwani viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vililipa kidogo vikilinganishwa na vya mashariki. Klabu yoyote inayopanga kuishi kwa kiingilio cha mlangoni inapaswa kuliangalia jambo hilo kabla ya kuchapisha tiketi. Bonasi ikiwa duni, uwanja utakuwa mtupu kufikia Desemba, hata timu ikiwa inashinda.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama Kiptere. Mbele kidogo ni Sondu, mji wa mpakani ambapo Wakipsigis wa Kericho na Waluo wa Nyakach hukutana sokoni, na ambapo uhasama umewahi kugharimu maisha ya watu katika miaka ya hivi karibuni. Sidai kwamba mpira huondoa ugomvi wa mipaka na wizi wa mifugo; waliodai hivyo kwingineko walikanushwa na matukio. Lakini timu yenye wachezaji kutoka pande zote mbili, inayofanya mazoezi mahali pamoja kila jioni, ingewapa vijana wa pande hizo sababu ya kufahamiana kwa majina.

Je, matarajio ya msimu ujao ni yapi? Kwa ukweli, si makubwa kwa yeyote anayetarajia Kericho irejee Ligi Kuu upesi. Ngazi za kupanda ni nyingi, na timu inayoanzia chini huhitaji misimu kadhaa mfululizo isiyo na mgogoro. Isitoshe, macho na fedha za serikali ya kitaifa zimeelekezwa kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Mwaka huo huo ni wa uchaguzi mkuu. Katika msimu wa kampeni viwanja vya kaunti hukodishwa kwa mikutano, na nyasi hukanyagwa na watu wasiovaa njumu.

Kinachowezekana ni kidogo zaidi, ila kina maana zaidi. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la vifaa vya michezo. Kaunti ya Kericho ina uwezo wa kuandika mkataba wa miaka mitano na timu moja au mbili, ikiwemo ya chuo, ukieleza siku za mazoezi, siku za mechi, mgao wa kiingilio na nani analipia nyasi. Mkataba kama huo ungempa mdhamini mdogo, mathalani chama cha ushirika au kiwanda cha wakulima kama Momul au Toror, hakika kwamba jina lake halitapakwa kwenye jezi ya timu itakayotoweka kabla ya Krismasi. Ungeweza pia kuwapa mashabiki viti katika kamati ya klabu, jambo ambalo Zoo haikuwa nalo.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na bajeti sharti iwe imepitishwa na bunge la kaunti kufikia Juni 30. Ligi huanza wiki chache baadaye. Atakayetaka kujua mapema kama kutakuwa na kandanda ya maana Kericho hana haja ya kusubiri ratiba ya shirikisho. Na aombe nakala ya makadirio ya idara ya michezo, atafute mstari wa matengenezo ya uwanja, kisha aangalie iwapo fedha zilizowekwa hapo zinatosha kukata nyasi kuanzia Agosti hadi Mei, au zinatosha tu kupaka jukwaa rangi.